Mzee wangu anakula kama watu wanaofika miaka mia. Nimwache aendelee?

"Habari daktari. Baba yangu ana miaka 74, ana presha na kisukari, na anatumia dawa za vyote viwili. Miezi mitano iliyopita aliona kipindi kuhusu sehemu za dunia ambako watu wanafika miaka mia kwa sababu ya vyakula vya asili. Tangu siku hiyo ameacha nyama, samaki, mayai na maziwa. Anakula viazi vitamu, maharage na mboga za majani mara mbili kwa siku, na jioni hali kitu. Amepungua kilo tisa. Presha imeshuka, yeye anasema amepona na sasa anataka kuacha dawa. Anatuambia zamani watu waliishi sana kwa sababu walikula vya asili na wala hawakujua hospitali. Mimi naona amedhoofu, lakini nikisema ananijibu kwamba nimezoea vyakula vya viwandani. Je, ni kweli vyakula hivyo vinaongeza maisha? Na nimwache aendelee?"

Ndugu yangu, umeuliza maswali mawili kwa pamoja, na majibu yake hayafanani. Kama vyakula vya asili vinaongeza maisha ni swali la kujibiwa kwa kirefu, kwa sababu ukweli wake umechanganyika na hadithi nyingi. Kama vinamfaa mzee wako kwa namna anavyovila sasa, hilo nalijibu hapa hapa mwanzoni: mpango wake una mazuri yake, lakini kwa umri wake na maradhi yake una hatari zisizosubiri. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Na kama kati ya dawa zake za sukari kuna insulini au vidonge vya kundi la glibenklamaidi, halafu analala bila kula, basi apelekwe kwa daktari wake wiki hii hii. Dawa hizo huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Sukari ikishuka mno usiku, mzee anaweza kupoteza fahamu kabla hajaamsha mtu.

Sasa turudi kwenye kile alichokiona.

Habari za mabonde ambako watu hawazeeki zina miaka mingi. Mwaka 1973 daktari wa Chuo Kikuu cha Harvard, Alexander Leaf, aliandika katika jarida la National Geographic kuhusu sehemu tatu alizozitembelea: Vilcabamba nchini Ecuador, Hunza kaskazini mwa Pakistan, na Abkhazia katika milima ya Kaukazi. Kote huko alikutana na wazee waliosemekana kuvuka miaka mia, wengine kwa mbali. Watu walisoma, wakaanza kuulizana wazee hao wanakula nini. Baadaye watafiti Richard Mazess na Sylvia Forman walikwenda Vilcabamba na kufanya kazi ambayo haikuwa imefanywa: kufungua kumbukumbu za ubatizo na za vifo, kisha kufuatilia familia moja baada ya nyingine. Walikuta majina yanarudiwa ndani ya koo, kiasi kwamba rekodi ya mtu mmoja iliweza kuchukuliwa kuwa ya jamaa yake mkubwa. Walikuta pia watu waliokuwa wakijiongezea umri kadiri walivyozeeka, kwa sababu uzee ulileta heshima. Majibu yao ya mwaka 1979 yalikuwa wazi: kati ya wazee 23 waliodaiwa kuvuka mia, hakuna hata mmoja aliyefika. Wastani wao ulikuwa miaka 86. Ni umri wa kumshukuru Mungu, lakini upo katika kila nchi.

Huko Kaukazi mambo yalikwenda mbali zaidi. Shirali Muslimov wa Azerbaijan, aliyefariki mwaka 1973, alitangazwa kuwa na miaka 168. Mwanasayansi Zhores Medvedev alieleza jinsi umri wa namna hiyo ulivyopatikana: hati za kuzaliwa hazikuwepo, baadhi ya wanaume walitumia karatasi za baba zao ili kukwepa jeshi, na serikali ya Kisovieti nayo ilipenda habari zenyewe.

Kipindi alichokiona baba yako bila shaka kilihusu yale yanayoitwa maeneo ya buluu. Hapa kazi ilianza kwa uangalifu zaidi. Michel Poulain wa Ubelgiji na Gianni Pes wa Italia walihakiki vyeti vya wazee wa milima ya Sardinia, na mwaka 2004 wakachapisha kwamba wanaume wa huko wanafika miaka mia kwa wingi usio wa kawaida. Mwandishi Dan Buettner akaitangaza habari hiyo duniani, na orodha ikakua: Okinawa ya Japani, Nicoya ya Costa Rica, kisiwa cha Ikaria cha Ugiriki, na Waadventista wa Loma Linda kule California. Kisha akaja mtafiti Saul Newman kuyahoji yote hayo, na mwaka 2024 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha. Alionyesha kwamba nchini Marekani, jimbo lilipoanza kutoa vyeti vya kuzaliwa, idadi ya watu waliodaiwa kufika miaka 110 ilianguka kwa asilimia 69 hadi 82. Alikumbusha pia uhakiki uliofanyika Japani mwaka 2010, ambapo watu zaidi ya 230,000 waliokuwa kwenye daftari za familia kama wenye miaka zaidi ya mia hawakujulikana waliko. Wengi walikuwa wamekufa zamani na hakuna aliyefuta majina yao. Akina Poulain wamemjibu kwamba wao walihakiki mtu mmoja mmoja kwa nyaraka, hawakutegemea daftari hizo.

Nimezifuata pande zote mbili. Naamini wazee wengi wa Sardinia na Okinawa kweli wana umri wanaousema. Nisichokiamini ni pale kamera inapoacha kila kitu kingine katika maisha yao ikakaa kwenye sahani.

Chukua Okinawa, ambako viazi vitamu vya baba yako vimetoka. Takwimu zinazotajwa mara nyingi ni za uchunguzi wa mwaka 1949: mtu alikula takriban gramu 849 za viazi vitamu kwa siku, na viazi hivyo vikampa asilimia 69 ya nguvu zote za mwili. Nyama, samaki na mayai vilikuwa kidogo mno. Tazama huo mwaka. Vita vilipita juu ya kisiwa hicho mwaka 1945, mashamba na mifugo vikateketea. Watu wale hawakuwa wamechagua mlo wa kurefusha maisha, walikuwa wanakula kilichopatikana. Na hawakubaki hapo. Hali ilipotengemaa waliongeza samaki, tofu (jibini ya soya) na nyama ya nguruwe, na huo mlo uliotengemaa ndio waliozeeka nao. Kipindi cha televisheni kinachukua sahani ya mwaka 1949 na kuiweka mbele ya mzee wa leo kana kwamba hakuna kilichotokea katikati.

Okinawa hiyo hiyo inatupa ushahidi wenye nguvu zaidi kwamba chakula kina uzito wake. Vizazi vilivyokua na vyakula vya haraka, nyama za makopo na magari havikuishi kama wazazi wao. Mwaka 2000 wanaume wa Okinawa waliporomoka kutoka nafasi ya 4 hadi ya 26 kati ya mikoa 47 ya Japani kwa urefu wa maisha. Kisiwa ni kile kile na damu ni ile ile, kilichobadilika ni namna ya kuishi. Ningekuwa naandaa kipindi, ningeanzia hapo.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mkoa mwingine wa Japani, Nagano. Huko milimani mlo wa asili ulikuwa na chumvi nyingi kupita kiasi: mboga za kuchachushwa kwa chumvi ili zivuke majira ya baridi, na supu ya miso (soya iliyochachushwa kwa chumvi) kila siku. Kiharusi kiliwaua watu wengi. Kuanzia mwaka 1951 hadi 1980 kiharusi ndicho kilichoongoza kwa kuua watu katika Japani nzima, nchi ambayo leo inasifiwa kwa mlo wake. Nagano ilianzisha kampeni ya vijiji kwa vijiji. Wahudumu wa kujitolea waliingia majumbani na vipimo vya chumvi, wakachota supu iliyopikwa siku ile, wakapima na kumwonyesha mama mwenye nyumba namba yake. Mboga, soya na samaki vilibaki, chumvi ikapunguzwa, na presha ikaanza kupimwa na kutibiwa. Kufikia mwaka 2010 wanaume na wanawake wa Nagano waliongoza Japani nzima kwa maisha marefu. Walifika hapo kwa kurekebisha asili yao na kwa kumeza dawa pale zilipohitajika. Msimulie mzee habari hii, nadhani ataipenda.

Kuhusu kauli yake kwamba zamani watu waliishi sana, ana nusu ya ukweli, na umpe hiyo nusu. Wanaposema umri wa kuishi zamani ulikuwa miaka 35, hawana maana kwamba mtu wa miaka 35 alikuwa mzee. Ni wastani ulioshushwa na vifo vya watoto. Utafiti wa Michael Gurven na Hillard Kaplan wa mwaka 2007, uliolinganisha jamii za wawindaji na wakusanyaji, ulikuta kwamba waliovuka utotoni na kuishi hadi ukubwani walifariki zaidi kwenye umri wa miaka 72 hivi. Kwa hiyo wazee walikuwepo. Waliokosekana ni wale wasiofika ukubwani, na hao hakuna aliyebaki kuwasimulia. Tunamkumbuka babu aliyefika miaka 90, tunawasahau ndugu zake saba.

Watsimane wa Bolivia wanaonyesha pande zote mbili kwa mara moja. Ni wakulima, wavuvi na wawindaji wa msituni, chakula chao kikuu ni wanga usiokobolewa sana: mchele, ndizi za kupika, mihogo, mahindi. Mwaka 2017 jarida la Lancet lilichapisha picha za mioyo ya watu wazima 705 wa jamii hiyo, na asilimia 85 hawakuwa na chembe ya chokaa kwenye mishipa ya moyo. Katika kundi la Wamarekani waliolinganishwa nao, waliokuwa safi hivyo ni asilimia 14. Hakuna jamii iliyowahi kupimwa ikakutwa na mishipa safi zaidi. Na bado maisha yao kwa wastani ni mafupi, kwa sababu maambukizi, ajali na uzazi vinawaua mapema. Chakula na kazi ya mikono vimewalinda dhidi ya kitu kimoja, kukosa hospitali kukawaacha wazi kwa vingine.

Sasa, chakula hicho kinafanya nini mwilini? Hapa mzee wako hajakosea hata kidogo.

Mshtuko wa moyo na viharusi vingi huanzia kwenye kuta za mishipa. Chembe za lehemu (kolesteroli) zinazosafiri kwenye damu huingia kidogo kidogo ndani ya ukuta, zinanasa, mwili unazishambulia, na kovu linakua kwa miaka thelathini au arobaini bila mtu kuhisi kitu. Mafuta mengi ya wanyama hufanya ini lipunguze kasi ya kuziondoa chembe hizo kwenye damu. Nyuzinyuzi laini za maharage na nafaka hufanya kinyume: hunasa nyongo tumboni na kutoka nayo, na ini, ili litengeneze nyongo nyingine, hulazimika kuvuta lehemu kutoka kwenye damu. Nyuzinyuzi zisizomeng'enywa hufika utumbo mpana, ambako bakteria huzila na kutoa asidi zinazolisha seli za utumbo wenyewe. Mwaka 2015 Stephen O'Keefe na wenzake waliwabadilishia chakula watu wa kijijini Afrika Kusini na Wamarekani weusi kwa wiki mbili tu. Waliopewa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, dalili za kuvimba ndani ya utumbo zilipungua, na waliopewa chenye mafuta na nyama nyingi ziliongezeka. Wiki mbili.

Kuna presha pia. Chumvi hushikilia maji mwilini, potasiamu ya mboga na viazi husaidia figo kuitoa chumvi hiyo. Na kuna ujazo: chakula chenye maji na nyuzinyuzi kinashibisha kabla mtu hajala nguvu nyingi, hivyo kilo zinashuka bila kuhesabu chochote. Hiyo ndiyo sababu presha ya baba yako imeshuka. Si uongo na si bahati, na usimnyang'anye sifa hiyo.

Ukiniuliza kama haya yamejaribiwa kwa watu, bila kubaki kwenye nadharia, nitakutajia jaribio la PREDIMED la Uhispania. Lilichukua watu 7,447 wa miaka 55 hadi 80, wengi wakiwa na kisukari au presha kama baba yako, wakagawanywa: wengine wakala mlo wa Mediterania (mboga, matunda, kunde na samaki kwa wingi) pamoja na mafuta mengi ya zeituni, wengine mlo huo huo na jamii ya karanga na lozi, wengine wakashauriwa tu kupunguza mafuta. Kwa takriban miaka mitano, kati ya kila watu 1,000 wa kundi la ushauri, 44 walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa. Kwenye makundi mengine mawili walikuwa 38 na 34. Ripoti ya kwanza ya mwaka 2013 iliondolewa na kuchapishwa upya mwaka 2018 kwa sababu ugawaji wa washiriki katika vituo kadhaa haukufuata utaratibu, na hesabu mpya zilibaki karibu pale pale. Mimi nazichukulia namba hizi kwa uzito. Ni watu sita hadi kumi walioepushwa katika kila elfu, wengi wao wameepushwa kiharusi, na kwa familia husika hilo ni kila kitu. Lakini vifo vya jumla havikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Na washiriki wale walikula samaki na kuku, na hawakuacha dawa.

Waadventista wa California nao wana hesabu nzuri: wanaume wao waliishi miaka 7.3 zaidi ya Wakalifornia wengine, wanawake miaka 4.4. Ila hawavuti sigara, pombe ni nadra, wanafanya mazoezi, wanapumzika siku moja kila wiki na wana jumuiya inayowatazama. Uingereza, utafiti wa EPIC-Oxford ulipolinganisha wasiokula nyama na walaji wa nyama ambao wote wanajali afya, vifo vya jumla vilikuwa karibu sawa. Hapo ndipo ninaposimama: mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa ndivyo vinavyobeba faida. Kuondoa kila kitu cha mnyama hakujaonyeshwa kuongeza maisha juu ya hapo. Hata katika maeneo ya buluu yenyewe, wachungaji wa Sardinia wanakula jibini ya mbuzi na kondoo, watu wa Okinawa na Ikaria wanakula samaki, na wengi wa Waadventista wanatumia maziwa na mayai.

Tumfikie mzee mwenyewe. Jambo ambalo vipindi hivi havisemi ni kwamba mlo unaomlinda mtu wa miaka 45 unaweza kumwangusha wa 74. Katika miaka ya kazi adui mkubwa ni kile kinachojikusanya: mafuta kwenye mishipa, kilo, sukari. Baada ya miaka 70 anaongezeka adui wa pili, kile kinachopungua: misuli, mifupa, hamu ya kula. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 uliona sura hii kwenye protini: kwa watu wa miaka 50 hadi 65 waliokula protini nyingi, hasa ya wanyama, vifo vilikuwa vingi zaidi, na kwa waliovuka 65 picha iligeuka. Ni uchunguzi wa kuangalia tu, hauthibitishi chanzo, lakini unakubaliana na tunachokiona kliniki.

Kilo tisa kwa miezi mitano ni nyingi. Kama alianza na kilo 80, amepoteza zaidi ya asilimia 11, wakati kwa mzee tunaanza kuuliza maswali akipoteza asilimia 5 ndani ya miezi sita. Sehemu ya kilo hizo ni mafuta, sehemu ni misuli, na misuli ya miaka 74 ni vigumu kuirudisha. Unaweza kumpima nyumbani. Mweke kwenye kiti kigumu kisicho na mikono, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano mfululizo kwa kasi anayoiweza, wewe ukiwa karibu kumshika. Akichukua zaidi ya sekunde 15, au akishindwa bila kujisukuma kwa mikono, misuli imeshadhoofu. Na kuna jambo linanitia wasiwasi zaidi ya mlo wenyewe: mlo mpya hufunika ugonjwa. Kila mtu anaona amepungua "kwa sababu ya viazi", kumbe ni kifua kikuu, saratani, au sukari iliyopanda inayomwaga nguvu kwenye mkojo. Kupungua huku kunahitaji kuchunguzwa hata kama maelezo yanaonekana kupatikana.

Pili ni vitamini B12, ambayo hupatikana kwa asili katika vyakula vya wanyama tu. Ini huwa na akiba ya miaka, kwa hiyo kijana akiacha nyama hatapata shida mapema. Lakini uzee hupunguza uwezo wa kuinyonya, na metformini, dawa ya sukari inayotumiwa na wengi, huipunguza pia ikitumika kwa miaka. Ikipungua, miguu hufa ganzi, kumbukumbu hupotea, hatua huyumba. Wengi husema ni kisukari tu, wakati mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika na mwisho haiponi. Kipimo cha damu kipo, na tiba yake ni rahisi.

Tatu ni figo. Potasiamu ile ile inayoshusha presha hugeuka hatari figo zikiwa zimechoka, na kisukari pamoja na presha ndivyo vinavyozichosha figo kuliko vyote. Viazi vitamu, maharage na mboga za majani vyote vina potasiamu nyingi. Kama dawa yake ya presha ni ya kundi la enalaprili au losatani, nayo huibakiza potasiamu mwilini. Ikizidi, moyo unaweza kupoteza mapigo yake ghafla. Simwambii aache mboga. Nasema apimwe kwanza kretinini, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, na potasiamu, kwa sababu majibu hayo ndiyo yanayoamua ale kiasi gani.

Kuhusu kuacha dawa, inawezekana kabisa kwamba dozi zake sasa ni kubwa kuliko anavyohitaji. Kama anapata kizunguzungu akisimama, au anatokwa jasho na kutetemeka akichelewa kula, hizo ni dalili. Kwa hiyo anaweza kuwa sahihi kwamba dawa zipungue, kosa ni kuzikata mwenyewe. Baadhi ya dawa za presha, kama atenololi na propranololi, zikiachwa ghafla presha na mapigo ya moyo hupanda tena kwa kishindo. Daktari atazipunguza moja moja, kwa kupima.

Basi afanye nini? Kumrudisha alikokuwa sikushauri, maana kule ndiko presha na sukari vilikopandia. Kuendelea hivi nako sikushauri. Abaki na maharage yake, mboga zake na viazi vyake, vichemshwe badala ya kuokwa, kwa sababu vya kuoka hupandisha sukari haraka zaidi, na kwa kipande cha kiasi badala ya sahani nzima. Arudishe samaki au yai au mtindi, kidogo lakini katika kila mlo, maana misuli ya mzee hufaidika zaidi protini ikigawanywa kuliko ikija yote mara moja. Mlo wa tatu urudi, hata uwe mdogo. Mtu wa umri wake mwenye figo nzima anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Figo zikiwa zimedhoofu hesabu hubadilika, ndiyo maana vipimo vinatangulia. Aongeze mafuta ya mimea na kiganja cha karanga au lozi ili kilo zisiendelee kushuka. Na atembee, ainuke na kuketi, abebe vitu: bila kazi, protini haijengi misuli.

Akikataa katakata chochote cha mnyama, usipigane naye. Inawezekana kuishi hivyo, ila kwa masharti: vidonge vya B12 bila kukosa, maharage au soya katika milo yote mitatu, na mizani kila wiki.

Namna ya kumwambia ina uzito wake. Ukianza na "umekosea", mazungumzo yameisha. Anza na presha iliyoshuka, mpe pongezi anayostahili, kisha mwombe aufuate mlo wa watu wale kwa ukamilifu wake, pamoja na samaki wao, jibini yao, na ile tabia ya Nagano ya kupima. Wazee wengi hawakatai vipimo, wanachokataa ni kuamriwa na watoto wao.

Mnapokwenda kliniki bebeni dawa zake zote, pamoja na mitishamba kama anatumia, na karatasi yenye uzito wake wa zamani na wa sasa na presha ya asubuhi ya siku saba. Ombeni apimwe sukari ya miezi mitatu, figo pamoja na potasiamu, wingi wa damu na B12, na mumwulize daktari kuhusu kifua kikuu na saratani kwa sababu ya kilo zilizopotea. Msisubiri miadi akianguka, akichanganyikiwa, akipata maumivu ya kifua, mapigo ya moyo yakiruka, au upande mmoja wa mwili ukilegea: hapo ni dharura siku hiyo hiyo. Akitetemeka na kutoa jasho lakini bado anameza vizuri, mpe maji yenye sukari kwanza, ndipo muanze safari.